Msimkate mshahara binti wa mahesabu kwa sababu ya invoisi feki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na mabosi wa hapa Dar, hasa wenye kampuni ndogo za kuagiza mizigo, mawakala wa forodha, wauza vipuri na wauza vifaa vya ujenzi. Mimi natunza vitabu vya mahesabu kwa kujitegemea, nazunguka Kariakoo, Kurasini, huku barabara ya Nyerere mpaka Tazara, nawafungia watu hesabu zao na kuwapelekea ritani za VAT kabla tarehe 20 haijafika, kwa hiyo naingia ofisi nyingi na meza ninayokalishwa mara zote ni ile ile, meza ya binti au kijana wa mahesabu. Yanayowapata nayaona. Siku hizi imeili ya invoisi feki ikiingia ofisini, mtu akafungua kile kiambatisho, kirusi kikaingia au hela ikaenda kwa wezi, wa kwanza kubebeshwa ni yule aliyebonyeza. Anakatwa mshahara, tena bila barua wala kikao, anaambiwa tu mwisho wa mwezi "ile hela tutaipunguza kidogo kidogo mpaka iishe".

Hiyo sio haki, na hata tukiiweka haki pembeni tuongee hela tu, bado bosi anajiumiza mwenyewe.

Watu wanaiongelea hii invoisi feki kama vile ni kitu cha kijinga, kama ile SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ambayo kila mtu mjini ameshaipata na wengi tunacheka tu tunaipeleka 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Hazifanani. SMS ile inarushwa kwa yeyote, mwenye deni na asiye na deni, na wewe ambaye hudaiwi unajua hapo hapo kwamba ni uongo. Invoisi inamwendea mtu ambaye kazi yake aliyoajiriwa kuifanya asubuhi mpaka jioni ni kufungua invoisi. We umemuajiri afungue, umemwambia asicheleweshe malipo maana sapulaya atakasirika na kontena litaanza kula demareji bandarini, halafu akifungua unamuuliza kwanini umefungua. Ungekuwa na dereva ungemkata mshahara kwa kosa la kupita barabarani?

Na zinavyokuja sasa. Kichwa cha imeili kinasema ni invoisi, au profoma, au oda, au kopi ya SWIFT, ile karatasi ya benki ya kuonyesha hela imetumwa, ya malipo uliyokuwa unayasubiri, au bili ya ladingi. Kiambatisho kina kile kialama cha PDF, chekundu, jina linaishia na pdf kabisa. Kumbe jina halijaishia pale. Windows ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani inaficha herufi za mwisho za mafaili, kwa hiyo kitu kinachoitwa INVOICE.pdf.exe mtu anakiona INVOICE.pdf basi, na ile exe iliyofichwa ndiyo inakuambia kwamba hii ni programu na sio karatasi. Ujanja wenyewe wa zamani, mwezi wa tano mwaka 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilichoanzia Ufilipino kilizunguka dunia nzima hivyo hivyo, faili lilionekana kama maandishi tu kumbe mwishoni kuna vbs. Miaka yote hiyo na Windows bado inaficha, mi huwa sielewi hawa Microsoft wanamfichia nani.

Zingine zinakuja zimefungwa kwenye zipu au rar yenye paswedi, na paswedi imeandikwa hapo hapo kwenye imeili, mtu anaona aisee hawa wako makini na usalama, kumbe paswedi imewekwa ili ule mtambo wa antivairasi unaokagua imeili ushindwe kuchungulia ndani. Halafu kuna za Word na Excel. Unafungua unakuta ukurasa una picha tu, umeandikwa kwamba faili hili limetengenezwa kwa toleo la zamani, ili ulisome bonyeza kitufe kilichopo pale juu kwenye mstari wa njano. Ukibonyeza umeruhusu makro, yaani vile vijiprogramu vinavyokaa ndani ya faili lenyewe, na hapo kinashushwa kitu kingine kutoka intaneti na wewe huoni chochote. Kirusi cha Locky cha mwaka 2016 kiliingia kwa watu hivyo, kwa invoisi ya Word, na kikishakaa kinafunga mafaili yote ya kompyuta na kuandika kwenye kioo kwamba lipa bitcoin.

Ila iliyonitisha mimi kuliko zote ni programu ya wezi inayoitwa Emotet. Hii ilianza 2014 kama mwizi wa paswedi za benki, baadaye ikageuka njia ya kuingizia virusi vya wezi wengine kwa malipo. Polisi wa nchi nane wakiwa na Europol waliifunga mitambo yake Januari 2021, Novemba mwaka huo huo ikarudi. Kilichonitisha sio kurudi kwake, ni kwamba ilikuwa inaiba imeili za mtu iliyemwingilia halafu inajibu juu ya mazungumzo ya kweli kabisa. Yaani unaandikiana na sapulaya wako bei ya matairi, mnabishana, mnakubaliana, na yeye kompyuta yake imeshaingiliwa hajui, baada ya muda inakuja imeili juu ya mazungumzo yale yale, maneno yenu yote ya huko nyuma yapo chini, inasema tafadhali tazama invoisi iliyorekebishwa. Hebu nambieni mabosi, hapo binti angejuaje? Zile semina za kusema "angalia makosa ya Kiingereza, angalia anuani ya ajabu ajabu" hapo zinasaidia nini?

Na msidhani wanaoliwa ni watu wa Kariakoo tu. Kuna Mlithuania anaitwa Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni Latvia kwa jina la Quanta, ambayo ni kampuni ya kweli ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya kompyuta, akaanza kuwatumia invoisi Google na Facebook kati ya 2013 na 2015. Walilipa. Zaidi ya dola milioni 120 kwa pamoja. Huyu hakuhitaji hata kirusi, invoisi feki na mikataba feki ilitosha, mpaka akaja kufungwa miaka mitano huko Marekani Desemba 2019. Sasa kama makampuni yenye wahandisi wa kila aina yalilipa, wewe unayemtegemea binti mwenye diploma, anayeshika mahesabu na mapokezi na kumtengenezea mgeni chai kwa wakati mmoja, unamdai umakini gani ambao Google hawakuwa nao?

Sasa nije kwa bosi mwenyewe maana hapa ndipo huwa nakosana na watu.

Microsoft mwaka 2022 walianza kuzuia makro kwenye mafaili yanayotoka intaneti, ukifungua hupewi tena kile kitufe cha njano kirahisi. Wezi nao hawakulala, wakahamia mafaili ya iso, yale ya nakala ya diski, mwanzoni mwa 2023 wakahamia mafaili ya OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia noti, wengine wakaleta mafaili ya html yanayofungua ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia imeili yako. Lakini angalau mlango mmoja ulifungwa. Mlango huo umefungwa kwa nani? Kwa mwenye Office inayopata apdeti. Mi nikikaa kwenye kompyuta za ofisi ninazozungukia nakuta Office ya 2010, Office ya 2007, ya kuchakachua, imewekwa na fundi kwa hela ya chipsi kuku, na fundi huyo huyo ameizima na antivairasi kwa sababu ile kraki yenyewe antivairasi inaikamata. Amezima na apdeti za Windows ili "isije ikajigundua". Bosi alisimama pale anaangalia, akasema safi, imekuwa nyepesi.

Kuna tundu moja lilikuwa kwenye Office, kwenye kile kijisehemu cha kuandikia fomula za hesabu, kilikaa humo tangu mwaka 2000 na Microsoft wakaliziba tundu Novemba 2017. Tundu lile halihitaji makro wala kitufe cha njano, mtu akifungua faili tu imeisha. Na invoisi za kulitumia ziliendelea kurushwa miaka mingi baada ya kuzibwa, kwa nini? Kwa sababu wanaorusha wanajua zipo ofisi ambazo kompyuta yake haijawahi kupata apdeti tangu siku iliponunuliwa. Hizo ndizo kompyuta zetu bana. Kwenye mashine ya namna hiyo kosa la binti liko wapi? Alifungua invoisi kwenye Word. Wewe ndiye uliyeamua Word iwe ile.

Sijasema kila mtu ana hela ya leseni, najua biashara ilivyo na najua mzigo ukikwama unavyouma. Ila kuna LibreOffice, ni ya bure, inapata apdeti, na kwa kazi ya kuandika barua na kufungua jedwali la bei inatosha. Antivairasi inayokuja na Windows yenyewe ni ya bure pia, iwasheni tu. Na mwambieni fundi awaonyeshe zile herufi za mwisho za mafaili, ni kuweka tiki sehemu moja.

Turudi kwenye kukata mshahara, na kwanini nasema bosi anajiumiza.

Virusi vingi vinavyokuja na hizi invoisi siku hizi havifungi kompyuta wala havipigi kelele. Kuna vinaitwa Agent Tesla, FormBook, Remcos, kazi yake ni kukaa kimya na kurekodi unachoandika, kuchukua paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kwenye Outlook na kumpelekea mwizi. Mtu akibonyeza kinatokea kidirisha kidogo kinapotea, au hakitokei kitu kabisa, invoisi haifunguki. Anabonyeza tena. Haifunguki. Hapo mhasibu yeyote mwenye akili anahisi kuna kitu hakiko sawa, mapigo ya moyo yanaongezeka, na swali analojiuliza wakati huo sio la kompyuta, ni la bosi. Nikisema itakuwaje? Kama mwaka jana alimuona mwenzake anakatwa mshahara miezi kadhaa kwa kusema, basi hasemi. Anaifuta ile imeili, anafunga kompyuta, anapanda mwendokasi anarudi zake Kimara.

Na ukimya huo ndio mwizi aliokuwa anautaka. Sasa ana paswedi ya imeili ya ofisi, anasoma. Anasoma mnanunua wapi, mnalipa lini, nani anaidhinisha, bosi anaandikaje, anamwitaje mhasibu. Mara nyingi anaweka na amri ndani ya imeili ya kwamba kila ujumbe wenye neno invoisi au malipo uende na kwake. Halafu anasubiri, anaweza kusubiri wiki na wiki, mpaka siku invoisi ya kweli ya mzigo mkubwa inakuja, anaikamata, anabadilisha namba ya akaunti tu, anaituma upya na kamaelezo kwamba akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi tafadhali lipia hii. Bei ni ile ile, namba ya oda ile ile, nembo ile ile. Wizi wa aina hii, wa kujifanya sapulaya au bosi kwenye imeili, FBI wa Marekani mwaka 2023 peke yake walipokea malalamiko 21,489 na hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9, na hao ni waliolalamika Marekani tu.

Sasa weka hesabu. Ile siku ya kwanza aliyobonyeza, kama angesema, dawa yake ilikuwa ni kuchomoa waya wa intaneti au kuzima waifai ya ile kompyuta, kubadilisha paswedi za imeili na za benki kwa kutumia simu au mashine nyingine, kuingia kwenye imeili kuangalia kama kuna amri ngeni za kupeleka ujumbe nje, kuwasha ile ya kutumiwa namba ya siri kwenye simu kila ukiingia, na kumuita mtu aisafishe mashine au aipige Windows upya. Ni usumbufu wa siku moja. Na hata kama hela imeshatoka, benki ukiwapigia ndani ya masaa machache wanaweza kujaribu kuirudisha kabla haijatolewa huko ilikoenda, ukikaa siku tatu unaongelea hela ambayo imeshahamishwa akaunti nyingine na nyingine tena. Kila kitu hapo kinategemea mtu mmoja kufungua mdomo mapema, na wewe bosi umeweka faini kwa anayefungua mdomo.

Nimeziona ofisi za aina zote mbili. Kuna wakala wa forodha mmoja Kurasini, mwenye kampuni ni mama mtu mzima, kijana wake alifungua faili la oda feki, akasimama pale pale akasema, "Mama, nimefungua kitu hapa sikielewi." Mama akamjibu, "Chomoa waya kwanza, maneno baadaye." Wakapiga simu benki, wakapigia wateja wawili watatu waliokuwa na malipo njiani, wakabadilisha mapaswedi, jioni wakafunga ofisi mapema kwa sababu hamna kompyuta, hasara yao ikawa fundi na mchana mmoja. Ofisi ya pili iko huku kwa wauza vipuri, jina nakaa nalo. Binti alibonyeza, akanyamaza, wiki kadhaa zikapita, malipo ya mzigo kutoka Guangzhou yakaenda kwenye akaunti ya nchi nyingine kabisa, sapulaya akawa anauliza hela yake iko wapi na wao wanamwonyesha kopi ya malipo. Bosi akaita fundi, fundi akakuta kirusi kimekaa siku nyingi, binti akabanwa akakiri. Sasa anakatwa. Kwa mshahara wake na hela iliyopotea atamaliza kulipa akiwa bibi. Na wenzake wawili ofisini humo wamejifunza somo moja tu, kwamba ukibonyeza nyamaza.

Kitu kingine kinachonikera ni hii ya kumtupia mhasibu wakati utaratibu wa malipo wenyewe umevunjwa na bosi. Ofisi nyingi ukiuliza watakuambia malipo makubwa lazima yathibitishwe. Vizuri. Halafu bosi yuko safarini anatuma WhatsApp, "lipa hii haraka niko kikaoni, usinipigie". Mara moja, mara mbili, mara kumi. Binti ameshazoea kwamba kuuliza ni usumbufu, aliyewahi kuuliza akaambiwa "we unajifanya nani?" Siku mwizi anaandika maneno hayo hayo, kwa lugha hiyo hiyo ya amri, ataonekana bosi kabisa, maana bosi ndiye aliyemfundisha jinsi ya kutii.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba sisi Watanzania kwenye hela ndogo tuko vizuri. Ukimtumia mtu elfu kumi kwa M-Pesa jina linatokea kwanza, unaona sio lenyewe unaghairi. Ukilipa kitu cha serikali unapewa kontrol namba, tarakimu kumi na mbili, ukiiingiza unaona ni taasisi gani unailipa kabla hela haijatoka. Mtu akikupa risiti ya EFD unaweza kuihakiki kwa TRA. Lakini ukituma dola elfu arobaini nje kwa TT, ile ya benki kwenda benki, hamna jina linalotokea, jina unalijaza mwenyewe na namba ya akaunti unaitoa kwenye PDF iliyokuja kwa imeili. Yaani pale penye hela nyingi ndipo tunapoamini karatasi tu.

Kwa hiyo dawa inabidi iwekwe na mwanadamu, na ni rahisi: akaunti ikibadilika, hakilipwi kitu mpaka sapulaya apigiwe kwa namba ya simu iliyokuwepo tangu zamani kwenye faili lake, sio ile iliyoandikwa kwenye invoisi mpya, au apigiwe video kwenye WeChat kama ni wale wa China, mtu unayemjua umuone anaongea. Na amri hii imfunge bosi mwenyewe, hata akiwa kikaoni, hata akiwa Makka anahiji. Iandikwe ibandikwe ukutani na isainiwe na yeye, ili binti akikataa kulipa awe anatii amri, asionekane mkaidi.

Wapo wataoniambia, na mzee mmoja ameshaniambia, "sasa nisipomkata atajifunzaje?" Mzee wangu, heshima yako, lakini kukatwa hakumfundishi mtu kuijua exe iliyofichwa. Mkalishe nusu siku na mtu anayejua, amwonyeshe invoisi feki zinavyokuwa, hiyo ni bei ndogo kuliko hela yoyote utakayomkata. Na sijasema kwamba mhasibu hana kosa kamwe. Ukikuta mtu alikuwa na amri ya kupiga simu imebandikwa mbele ya macho yake na hakupiga, au anagawana na wezi, hiyo ni habari nyingine, fuata taratibu, nenda polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015 na inamhusu huyo mwizi na msaidizi wake. Ila mtu aliyefungua invoisi akidhani ni invoisi hajaiba chochote, aliyeibiwa ni nyie wote.

Halafu mabosi mnasahau kwamba kile kirusi hakikuchukua siri zenu tu. Humo kwenye imeili mna kopi za vitambulisho vya NIDA vya wateja, TIN zao, pasi zao za kusafiria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023 na jukumu la kuzilinda hizo taarifa ni la kampuni, sio la binti wa mapokezi. Sasa na hapo mtamkata nani?

TZ-CERT nao niwaguse kidogo. Wapo, wako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kazi yao ndiyo hii ya matukio ya usalama wa mitandao. Lakini ingia fremu yoyote mtaa wa Msimbazi au ghorofa zile za mawakala Kurasini uulize TZ-CERT ni nini, utaulizwa kama ni shule. Namba 15040 watu waliishika kwa sababu ilitangazwa redioni mpaka ikachosha, na hawa nao watangaze hivyo, kwa Kiswahili, kwa watu wanaoshika malipo, wasiishie kuwaalika watu wa benki kubwa kwenye mahoteli.

Mwisho niongee na wewe unayekatwa mshahara hivi sasa na unasoma hili gazeti kwa kuazima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri akukate kufidia hasara kwa kujisikia tu. Lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi na jinsi alivyokipiga, akupe nafasi ya kukipinga, jumla isizidi hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa hiyo usisaini karatasi uliyowekewa mezani ukiwa bado unatetemeka. Omba barua. Hifadhi zile imeili, usizifute, zichapishe na kopi za WhatsApp za "lipa haraka". Na kama anaendelea kukata bila hayo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze fomu, na usichelewe maana mgogoro ambao sio wa kuachishwa kazi unatakiwa uwe umefika kwao ndani ya siku 60.

Mtunza vitabu wa kujitegemea,
Tabata, Dar es Salaam